Goti la Kukopa

Saa tisa usiku, Esbjerg, na sina hata lepe la usingizi.
Goti la zamani wamelitupa sijui wapi, sikuuliza.
Miaka thelathini na moja lilikanyaga baiskeli ya posta,
barua za mapenzi, madai ya kodi,
upepo wa baharini ukinizaba kofi kila kona,
wala halikuomba likizo
mpaka lilipoanza kulia kama bawaba yenye kutu.

Sasa nina chuma na plastiki.
Steroidi wamenipa mshipani, mara moja nikiwa sijitambui,
mara ya pili leo asubuhi.
"Itatuliza uvimbe," alisema daktari Thorlund,
"morfini utahitaji kidogo tu. Ila usiku usishangae."

Nashangaa.
Mashavu yananiwaka, sukari imepanda,
Asta wa zamu ananitoboa kidole
na kuandika tarakimu bila kuinua uso.
Nina njaa. Natamani kudeki wodi nzima.
Nimeorodhesha milango yote ya njia yangu ya zamani,
waliohama, waliokufa, mbwa walioniuma.

Na maumivu?
Yapo. Yamekaa nje, yamevua viatu,
kama mgeni aliyeambiwa asubiri.
Nayasikia yakikohoa.

Kitanda cha pili yupo Vibeke, goti kama langu, siku ile ile.
Yeye hakupewa: ana kisukari.
Kila akijigeuza anauma shuka.
Naona haya kwa wepesi wangu,
na mkono wangu haumfikii.
Basi namsomea milango.
Namba tatu, mshonaji viatu. Namba kumi na moja, mapacha.
Namba ishirini, mjane aliyenipa kahawa ya baridi
akiamini ni ya moto.
Kwenye arobaini na tatu pumzi yake ikatulia.
Nikanyamaza, macho makavu kama taa.

Usiku wa tatu dawa ilikwisha.
Kukopa ilikuwa harusi; haya sasa matanga.
Mgeni aliingia bila hodi,
akakaa juu ya goti kwa makalio yake yote.
Nilibana meno. Nilihesabu matone ya dripu, nikapotea hesabu,
nikaanza tena, nikalia kidogo, kimyakimya, kiutu uzima.

Kisha gizani, sauti ya Vibeke:
"Arobaini na nne ni kwa nani?"

Folmer, nikasema.
Folmer na lile jibwa lake.

"Endelea."