Sikio Halina Kope

Jicho lina kope, kinywa kina midomo,
hata pua waweza kuibana kwa vidole viwili.
Sikio limeachwa wazi usiku na mchana
kama duka la mtu aliyekimbia deni.

Naishi Tibilisi, ghorofa ya pili,
baraza la mbao limeuzunguka ua mzima,
na kila akohoaye uani
anakohoa mezani pangu.
Mzee Zauri anabwaga dadu, ta-ta, anacheka.
Shushana anapiga zulia kana kwamba limemtukana.
Mtoto wa Lamara yuko kwenye piano, zoezi lilelile,
anakosea palepale, noti ya nne,
nami nalingoja kosa lile
kama mtu aliyekwisha kunja mkono wa shati akingoja sindano.
Na tangu Machi, keekee.
Keekee ya umeme, jengo la jirani, wanatoboa ukuta
ambao, kwa hesabu yangu, haupo tena.

Kazi yangu ni ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti.
Uzi wa fedha, mwembamba kama unywele wa kichanga,
naukunja kwa koleo, nausimamisha juu ya bamba,
unakuwa kuta za chumba kidogo,
kisha chumba nakijaza kioo kilichosagwa,
kijivu, buluu, kahawia ya chai iliyolala,
tone kwa tone, kwa ncha ya unyoya.
Keekee ikilia, mkono unaruka kabla sijauruhusu.

Sikio halizidi kichwa.
Aliyesema hivyo hakuwahi kulala na langu.

Nimejaribu pamba. Nimejaribu nta.
Pamba ndani ya nta: nikaisikia damu yangu ikipiga makasia.
Nikajaribu saa nane za usiku;
friji ikaanza kuguna kama mkwe asiyeridhika.
Nikampelekea Zauri kitambaa kinene cha kijani
atandike juu ya ubao wake wa dadu.
Alinibusu paji la uso, akatandika.
Siku ya tatu akakirudisha, kimekunjwa vizuri:
"Binti, mchezo umekuwa kama kula na mafua."

Bundi huyu ameagizwa na Tsiuri, daktari wa mifugo.
Alikuja na picha iliyochakaa pembeni.
"Huyu," alisema, "anamsikia panya chini ya theluji."
Nikamuuliza: na upepo? Na matawi? Na mto?
"Vyote anavisikia.
Ila anayemtaka ni panya."
Akanywa chai, akaniachia malipo ya awali, akaenda zake.

Jana nilitoa bamba tanurini, jekundu kama kaa,
nikaliweka juu ya jiwe lipoe.
Chini dadu, chini zulia, ng'ambo keekee,
na katikati ya vurugu hilo,
chi.
Sauti ndogo kuliko punje ya mchanga juu ya karatasi.
Niliinama. Jicho halikuona kitu.
Nikachukua kioo cha kukuzia:
bawa la kushoto, karibu na bega,
ufa mfupi kama kope.
Zauri asingeusikia.
Wala dada yangu Nargiza, mwenye masikio ya amani,
anayelala garimoshini mdomo wazi.

Sikushangilia. Siku tisa za kazi zilikuwa na ufa.
Nilikwangua bawa, nikaliosha, nikaanza upya
nikiwa nimenuna,
pamba zangu zikinitazama kutoka kwenye sahani ya mkate.
Keekee ililia. Mkono uliruka, ungefanya nini?
Uzi ukapinda nisipotaka.
Nikaunyoosha kwa ukucha.

Chini, mtoto wa Lamara akaikaribia noti ya nne.
Nikashika pumzi.
Akakosea.
Nikakata uzi wa unyoya wa pili.