Sufi ya Mipopla

Tambarare huna neno. Tambarare wewe ni malaika:
maili tisini za nyasi kavu, mshale umelala katikati
kama paka kwenye kochi.
Ila nikikufunga trela, madume ishirini ya kondoo nyuma,
na barabara ikainua kidevu pale Harlan,
mshale unaanza kujongea.
Kwanza unene wa kucha. Halafu kidole.
Kwenye kona ya tatu nazima redio,
nashusha vioo, nafungulia hita hadi mwisho,
Julai, Idaho, nyuzi thelathini na saba nje,
nikubebee na mimi kidogo homa yako.

Dell Hostetler, aliyeuza matrekta miaka arobaini,
alikutazama mara moja, mikono mfukoni:
"Gasketi ya silinda hedi. Uza chuma chakavu, Nekane."
Mpwa wangu Iker akasema pampu ya maji.
Mwenye duka la vipuri akasema thamostati,
kwa kuwa thamostati ndiyo aliyokuwa nayo.
Nikainunua.
Ile ya zamani nikaichemsha kwenye sufuria ya mchuzi,
kipimajoto cha nyama kikining'inia pembeni:
nyuzi themanini na nane, ikaachama
kama kifaranga. Nzima kabisa.
Dola kumi na tisa zangu.

Basi nikaacha kuuliza watu, nikakuuliza wewe.
Alfajiri, injini ingali baridi, nikafungua kizibo:
maji yamejaa, kijani safi, hayana utando wa mafuta.
Nikachomoa kijiti cha oili: nyeusi, nyeusi tu,
si ule uji wa maziwa unaotia watu kilio.
Nikakuwasha, nikainamia shingo ya rejeta na tochi
nikingoja mapovu.
Likaja moja, kama mtu aliyekosea mlango,
halikurudi.
Kichwa chako ni kizima.
Cha Dell sijui.

Nikakupandisha tena Harlan, trela na yote,
ukachemka kwa adabu, kona ileile.
Nikazima. Nikaisukuma feni kwa kidole: ikagoma,
nzito, kama inavyotakiwa gari likiwa na moto.
Nikakuwasha, nikashika gazeti mbele ya pua yako.
Feni inavuma, na gazeti halivutwi.
Linaning'inia tu.
Hapo nikajua: una mapafu, ila hupumui.

Lakini nakuosha kila masika! Kwa mpira, kwa mbele,
mapezi yanang'aa...
Kwa mbele.
Nyuma ya kipoza-hewa cha turbo, kabla ya rejeta,
kuna mwanya wa kidole kimoja.
Bolti nne, mbili zimeota kutu. Nikakibenua.

Blanketi.
Sijui nikuiteje kingine. Blanketi zima la kijivu,
limeshonwa kwa vumbi la majani makavu, mabawa ya panzi,
manyoya ya kondoo ambao nilishawala na kuwasahau,
haba na haba ya miaka ishirini na minne,
na ndani yake, tabaka juu ya tabaka, sufi nyeupe.
Sufi ya mipopla.

Kwetu hakuna mpopla.
Upepo wetu unabeba mchanga na mbegu za miiba.
Mipopla iko mtoni, maili sitini kusini,
nayo hupukutisha Juni, wiki mbili, basi.
Na Juni zote zile Beñat alikuchukua, siku tatu,
akisema anakwenda Boise kwa daktari wa mgongo.
Nilihesabu tabaka kwa ncha ya bisibisi.
Nilipofika tisa nikaacha.

Nikafungulia maji kutoka nyuma kuja mbele,
pole pole, mapezi ni laini, yanapinda kwa hasira.
Ilitoka kama unga. Ilitoka mpaka jioni.

Jumamosi tulipanda Harlan, madume yakipiga kwato.
Kona ya tatu. Ya tano. Kileleni
mshale ulikuwa umelala.
Redio inaimba. Hita nimefunga.
Mikono yangu tu ndiyo ilikuwa na jasho kwenye usukani,
na mtoni, chini kule, kitu cheupe kilikuwa kinang'aa,
au maji tu.
Sikusimama.