Maji Yasiyo na Moyo

Baada ya isha namwosha mama mguu.
Beseni la buluu, sabuni ya kipande.
Naanzia vidoleni, katikati, penye ubichi,
nakausha mpaka pakauke kweli,
kama alivyonifunza nesi Mbeyu, zahanati ya Tudor:
"Usikande kwenda chini. Panda nayo.
Maji haya yamepotea njia."

Maji gani? Mimi nilijua damu tu.
Akachora nyuma ya kadi, kalamu ya kijani:
damu ikifika ncha za mishipa huvuja,
hunywesha nyama, na si yote irudiyo.
Inayosalia huokotwa na vijineli
vyembamba kuliko uzi mama aliodarizia kofia
miaka thelathini, hapa Kibokoni.
Kitabuni huitwa limfu.
"Jina la ugenini," mama akasema,
"kwa maji ya nyumbani. Na moyo wake?"

Hayana moyo.
Husogea ukitembea, ukipumua,
msuli ukijikaza;
na njiani mna vilango vya upande mmoja,
ukishapita hakuna kurudi.
Kisha tezi: kinena, kwapa, shingo,
askari ndani wakipekua kila mzigo.

Nikakumbuka mtoki wangu,
mwaka niliokanyaga msumari Majengo.
Mama alinipaka masizi ya sufuria, nikalia.
Kumbe nyongani pangu palikuwa na vita,
na nilikuwa nashinda.

Yeye hakushinda. Mbu alimwachia vinyoo,
vikakaa mirijani, vikazaa.
Watoto wao hutembea usiku wa manane tu,
ndiyo maana bwana Chengo wa maabara
alikuja saa sita za usiku kumtoboa kidole,
tochi mdomoni, akiomba radhi kwa majirani.

Vidonge viliviua. Lakini njia iliyobomoka
haijengwi kwa vidonge.
Mguu hautarudi ulivyokuwa; mama ajua,
viatu alishagawa, vyote, vya kulia na vya kushoto.

Naweka mito miwili chini ya kisigino.
Akunje kifundo mara ishirini. Anahesabu, anaruka kumi na tatu.
Mkono wangu unapanda: muundi, goti, paja.
Safari inaishia chini ya mtulinga wa kushoto,
hapo maji humwagika tena damuni.

"Yamefika?"
"Bado, mama. Yako Makupa, kwenye foleni."

Anacheka. Tumbo linapanda, linashuka,
na kicheko nacho, alisema nesi, husukuma.
Namwaga beseni uani.