Sentimita Kumi na Moja

Jumamosi, saa moja kasorobo,
nilikaza nati ya mwisho ya bampa la nyuma.
Spana namba kumi na saba ikaniponyoka,
ikalia juu ya saruji,
kisha kimya.
Onditi akauliza, "Bado nini?"
Nikatafuta. Miaka tisa sikuwahi kukosa jibu.

Mwili ni wa Peugeot iliyobeba kabeji za Kinangop
hadi ikaoza miguu.
Paa tulilikata shingo, tukalishusha kiganja kizima,
tukalilehemu usiku, umeme ukiwa na nguvu,
na Kerubo ndani akilalamika: "Taa inafifia tena.
Huyo mke mwenzangu wa chuma anakula!"
Injini, silinda nane, ya Range Rover iliyopinduka Kinungi.
Niliinunua Grogan kwa pesa za mabati ya mama.
Mabati nilimpelekea baadaye,
lakini masika mawili yalinitangulia.

Boneti haina. Niliikataa.
Kipimo cha mafuta ni mwongo:
robo ni tupu,
nusu ni sala.
Rangi ni kijani cha madirisha ya shule
kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye mkebe.

Basi nikaiwasha.
Ikakohoa kama karani anayetafutiwa faili,
ikakohoa tena,
halafu ikakubali,
na sahani za Kerubo zikapiga makofi kabatini,
na mtoto wa namba sita akaamka akilia,
na mimi, mtu mzima, nikajifanya nakagua radieta
ili Onditi asinione macho.

Nilipoanza, kichochoro kilitosha punda,
mkokoteni, na kiburi cha punda.
Mwaka wa tano Mama Nzilani akasimamisha kibanda langoni.
Misumari nilimshikia mimi mwenyewe.
Na magurudumu ya nyuma, kwa ajili ya madaha,
niliyachagua mapana.

Onditi akapima kwa futi kamba.
Akapima tena, kwa adabu.
"Sentimita kumi na moja," akasema,
kwa sauti ya daktari anayeufunga mlango kwanza.

Walitoka wote. Waliowahi kunilaani kwa moshi,
na Gachanja msimamizi, aliyeniandikia barua tatu
za kunitaka nihamishe "takataka husika".
Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mama Nzilani hakucheka.
Aliitazama pikapu, akakitazama kibanda,
akafuta povu la sabuni mikononi.
"Misumari uliishika wewe.
Njoo uing'oe wewe."

Watoto wakabeba mayai, trei kwa trei,
kama watu wanaovuka mto.
Viberiti, mkate, sabuni, kopo la peremende.
Gachanja akashika bati upande wa pili,
wala hakutaja barua.

Tuliitoa kwa kusukuma, injini imezimwa.
Kioo cha kushoto kikaugusa ukuta,
rangi ikabanduka ukubwa wa ukucha:
kovu lake la kwanza ambalo sikulitia mimi.

Nje, barabara.
Miaka tisa, na sikuwa nimepanga pa kwenda.
"Kwa vile imetoka," akasema Mama Nzilani,
"mbao zangu zimeoza. Nipeleke Gikomba."

Ndiyo safari hiyo.
Mama na mkoba wake magotini,
upepo unaingia pasipo dirisha,
farasi mia na hamsini wanatembea kwa adabu
nyuma ya mkokoteni wa vitunguu,
na yeye anawapungia watu mkono
kama mwenye gari.

Jioni tulikijenga kibanda upya,
palepale, inchi ileile.
Pikapu imelala nje, chini ya taa ya barabara.
Uani limebaki doa la oili,
na mtoto wa namba sita amelichorea magurudumu kwa chaki.
Nimesimama kando yake. Kerubo ananiita chakula.
Nina spana mkononi
na sijui niiweke wapi.