Siku ya Kuoka

Mwezi wa kumi, baridi ikishuka milimani
hadi Sevan, ziwa likigeuka rangi ya bati,
wanawake sita walilizunguka tanuri la Nunufar:
shimo ardhini, mdomo wazi, makaa yakipumua.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Kazi zangu zilikuwa kuhesabu mikate na kufunga mdomo.
Ile ya pili ilinishinda.

Unga huenda mkono kwa mkono.
Hasmik akata donge, Shoghik asukuma,
mama atandaza juu ya mto wa majani makavu,
ainama hadi kiunoni, apiga ukutani, pa!
na mkate, mwembamba kama shuka la mtoto,
unashika, unatoka malengelenge, unaiva.
Maneno nayo huenda hivyo hivyo,
na kila anayepokea huyatandaza kidogo zaidi.

Ndivyo lilivyotufikia jina la Arusyak.

Shangazi yangu. Wifi yake mama.
Aliyesimama uani mwa kanisa, Jumapili ya Matawi,
akasema sanduku la mishumaa limeingiwa na mkono,
na mkono huo anaujua, umekula naye chungu kimoja.
Hakutaja jina. Hakuhitaji.
Tangu siku hiyo mama alisali nyuma ya nguzo,
na kila aliponunua mshumaa
aliinua sarafu juu kabla ya kuitumbukiza,
ionekane.

Mwaka ulipokwisha ikajulikana: shemasi,
kwa macho yake ya uzee, alisoma nane akaandika tatu.
Shemasi alilia mbele ya watu.
Arusyak hakusema kitu. Alihamia Vanadzor kwa mwanawe,
hata kwaheri hakuiacha mlangoni.

"Nasikia figo zimemgomea," alisema Nunufar.
"Mungu si Athumani wala si nani," Shoghik angesema
kama angekuwa na methali; alisema tu, "Mungu anaona."
Kisha mti wa kusukumia ukasimama.
Wote wakamtazama mama.
Walikwisha kumpakulia. Kilichobaki ni kula.

Nililiona koo lake likipanda na kushuka.
Nami niliomba, Mungu anisamehe, niliomba aseme,
litoke lile neno, limfuate Arusyak hadi kitandani.
Mama akainama ndani ya moto
akakaa humo kuliko mkate unavyohitaji.
Alipoinuka, ncha za nyusi zilikuwa zimeungua.

"Usiku wa kumzaa huyu," akanionyesha kwa kidevu,
"theluji ilikuwa imefika dirishani.
Arusyak alikwenda kwa miguu hadi kijiji cha pili
kumleta mkunga. Alivaa viatu vya mumewe,
vikubwa, amevifunga kwa kamba ya ng'ombe.
Kidole chake kimoja cha mguu hakikupona."
Akanyoosha mkono.
"Shoghik, donge."

Hakuna aliyesema amina. Hasmik alikohoa.
Nunufar akaanza habari za bei ya viazi.

Njiani nilimkabili. "Ni hilo tu, mama?
Kwani hukuumia?"
Alisimama, furushi la mikate begani.
"Nani kakwambia sikuumia?
Mengine nimemwambia Mungu, nyuma ya nguzo ile,
na kwake sikuchagua maneno.
Yeye ana kifua. Nunufar hana."

Usiku alifunga mikate kumi katika kitambaa
impelekee dereva wa basi la Vanadzor.
Juu yake karatasi: *Inyunyizie maji, italainika.*
Kana kwamba Arusyak, mzaliwa wa kijiji kile,
hajui mkate mkavu hufufuliwaje.
Hakuandika nimekusamehe. Hakuandika lolote jingine.
Sijui kama ililiwa.

Sasa nami nina jina langu, la mtu,
linalonikwama kama mwiba wa samaki.
Watu huniuliza habari zake, wakasubiri.
Nainama kwanza. Nakaa humo motoni.
Bado ninavitafuta vile viatu.