Tanbihi

Kitabu hiki aliniachia Mchungaji Chidosa.
Jalada limeshikwa na plasta ya jeraha,
pambizo zimejaa penseli yake ya buluu,
na kuanzia sura ya kumi na sita mchwa wamekula,
wakammaliza Msaidizi, wakaanza mateso,
kisha, sijui kwa nini, wakaacha.

Jumamosi usiku, Mpunguzi.
Upepo wa Juni unagonga bati la nyumba ya mwinjilisti
kama mdai.
Taa ya sola imebakiwa na saa mbili tu.
Nasoma kidole kikifuata mstari,
maana mwandishi alikuwa msomi wa nchi ya theluji,
hakuwahi kula ugali wa uwele kwa mlenda,
na bado, mara nyingine, anaijua njaa yangu.

Mara nyingine haijui.
Mwaka juzi nilimpandisha mimbarini mzima mzima,
dakika arobaini, Kiyunani na Kiebrania,
majina ya maprofesa yakishuka kama mvua ya mawe.
Wazee wa kanisa walilala kwa adabu, macho wazi.
Mtoto mmoja akauliza kwa sauti:
"Mama, hiyo barua imetoka kwa nani?"

Kesho ni mzabibu na matawi.
Niliuhubiri miaka mitatu iliyopita,
nikalikaza neno: lisilozaa huondolewa.
Nikaipiga mimbari kwa kiganja.
Ilikuwa wiki ile ile Ndahani, mwana wa Mama Sechelela,
alipopelekwa Isanga, kifungo cha miaka mitano.
Mama alikaa benchi la tatu, upande wa dirisha.
Alitoa sadaka yake.
Aliondoka kabla ya baraka.

Usiku huu, taa ikififia, nashuka hadi chini ya ukurasa,
kwenye maandishi madogo kama mbegu za mchicha
ambako sijawahi kufika, kwa uvivu, niseme kweli,
na pale nakuta
kwamba neno hili lina milango miwili.
Kuondoa. Pia kuinua.
Na msomi, mtu mwaminifu, anaongeza
kwamba wengi hawaukubali mlango wa pili,
naye mwenyewe hana hakika.
Pembeni, penseli ya buluu: *Waulize wakulima.*

Chidosa! Hata kaburini unanipa kazi ya nyumbani.

Kulipopambazuka nilikwenda shambani kwake.
Mbukwa. Mbukwa.
Alikuwa na mkasi mfukoni na kamba za katani mdomoni.
Habari za Kiyunani sikumpa.
Nikauliza tu: tawi likilala chini, unalifanyaje?
Akatoa kamba mdomoni.
"Likilala chini linakula vumbi, halizai.
Nalipangusa, nalipandisha kwenye waya, nalifunga.
Nalipa msimu mmoja. Miwili, kama nalipenda."
"Na lisipozaa?"
Akanitazama kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe.
"Mkasi upo, mwinjilisti. Sijasema haupo.
Ila anayeanza na mkasi si mkulima.
Huyo ni mbuzi."

Rimu ya lori ikagongwa: kengele ya kwanza.

Nilihubiri dakika kumi na mbili.
Nikasema milango ni miwili,
na kwamba waliosoma kunizidi hawajaafikiana,
na kwamba mimi niliwahi kuufunga mmoja kwa kiganja.
Sikutaja jina.
Benchi la tatu lilikuwa na mtu
mpaka baada ya baraka.

Sasa nimechonga penseli. Chini ya buluu ya Chidosa naandika:
*Mpunguzi, Juni. Mkulima asema: kamba kwanza.*
Kisha nafunua ukurasa unaofuata, nijiandae mapema,
nakuta tundu,
na ndani ya tundu mchwa mmoja,
mzima,
akiendelea na somo.