Yetu

Miezi saba sikukanyaga kanisa la Muyeye.
Nilikuwa na sababu, tena nimeipiga msasa:
mabati kumi na mawili, na Thoya mweka hazina
aliyeniuliza mbele ya watu risiti iko wapi,
mimi, Ngumbao, niliyeponda kokoto za msingi ule
kwa nyundo yangu, na mgongo ambao sikuudai kitu.

Nikasema: Mungu hakupanga chumba Muyeye.
Nitaomba nyumbani.

Basi Jumapili nikaketi barazani kwenye kigoda,
Biblia gotini, chai ya tangawizi, redio chini chini.
Palikuwa raha, sitadanganya.
Hakuna mtoto wa kunikanyaga vidole,
hakuna matangazo marefu kuliko mahubiri,
hakuna kiti cha plastiki chenye mguu wa kufungwa waya
ambacho, sijui kwa nini, siku zote huwa changu.

Nikaanza wimbo.
Sasa, mimi ni sauti ya nne.
Sauti ya nne peke yake ni mtu anayenung'unika:
unashuka, unangoja, unashuka tena,
na unayemngoja hayupo.
Paka alitoka.

Nikaacha wimbo, nikaingia kwenye sala.
Baba yetu, nikasema,
na neno la pili likanikwama kama mwiba wa changu.
Yetu, mimi na nani?
Nikajaribu Baba yangu. Likapita vizuri,
likateremka kama uji,
na hapo ndipo nilipoogopa.

Bi Swafia, jirani, alikuwa anapita na ndoo.
"Ngumbao, u mgonjwa?"
"Mzima. Siku hizi naomba humu humu."
Akaitua ndoo. "Wanangu Ijumaa huwaamsha kwa kata ya maji.
Kuna mmoja huenda amenuna, hurudi anacheka.
Dini yako sikufundishi. Nauliza tu:
ukifa, jeneza litabebwa na nani? Mimi na huyo paka?"

Jumapili iliyofuata nilikwenda.
Nilichelewa kusudi, nipite nyuma nyuma.
Kiti kilikuwa palepale na waya wake, kitupu,
na kando yake Mama Jumwa, asiyejua kusoma,
ambaye miaka tisa nilimtafutia namba ya wimbo
bila kujua kwamba ile nayo ni kazi.
Kitabu alikishika kichwa chini.
Miezi saba alikuwa akifungua ukurasa wowote
na kuimba kwa kukumbuka,
asionekane hana wa kumfungulia.
Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alininyoshea tu.
"Mia na kumi na nne," nikamwambia, nikakigeuza.

Nilidhani kanisa ni mtungi, naenda kuchota.
Kumbe kuna mtu alikuwa ametega kikombe chini yangu.

Thoya alikuwa mbele, anahesabu sadaka kwa midomo.
Sijamsamehe yote.
Risiti niliipata ndani ya kiatu cha zamani,
ilikuwa mfukoni siku ile, na sikuitoa.
Lakini tuliposimama kuomba, na watu kama sitini
wakasema yetu kwa pumzi moja,
mabati yakatetema, yale yale kumi na mawili,
nikamsikia na yeye humo ndani,
sauti ya tatu, ya puani, isiyofika inapotakiwa,
na yangu chini yake,
imeibeba.